Robota Lirudi Lilikotoka

Mchuuzi wa Gikomba hulipa kwanza, ndipo afungue robota lake la mitumba. Akikuta mashati mazuri, siku yake imekwenda vyema. Akikuta madoa na mishono iliyoachia, hasara ni yake, wala aliyelifunga huko ng'ambo haulizwi. Nguo za mwisho kabisa huitwa fagia. Zinazokosa hata mnunuzi wa fagia huishia jaani, nyingine kandokando ya Mto Nairobi.

Mwaka 2022 mbunifu wa mavazi wa Kampala, Bobby Kolade, alianzisha jambo lililonichekesha, kisha likanifikirisha. Kampuni yake, Buzigahill, hununua mitumba ya soko la Owino, huifumua na kuishona upya, kisha huwauzia watu wa nchi zile zile ilikotoka. Mpango huo ameuita, kwa lugha yetu, "Rudisha kwa Aliyetuma".

Ushonaji wa namna hii si mzaha. Kwanza ni kuchambua: jinzi kwa jinzi, pamba kwa pamba, maana kitambaa kinachovutika kikiunganishwa na kisichovutika, vazi hupinda likifuliwa. Kisha fundi hufumua mishono, hukwepa madoa na palipochakaa, na fulana kadhaa huzaa moja. Hawezi kukata nguo hamsini kwa mpigo kama kiwandani, kwani kila kipande kina umbo lake. Ndiyo sababu bei yake ni ya Ulaya, si ya Owino.

Na hapo ndipo penye ugumu. Mafundi hata wakikesha, hawataimaliza shehena inayoingia. Kuizuia nako kuna gharama. Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, Marekani iliiondolea mwaka 2018 nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Na wachuuzi wetu je, watoto wao wale nini?

Ufaransa kwa miaka mingi imewatoza wauzaji wa nguo mpya fedha za kukusanya na kuchambua zile zinazotupwa. Fedha hizo kwa sehemu kubwa hubaki huko huko, ilhali nguo zinasafiri. Mimi nasema sehemu yake ilifuate robota hadi Gikomba na Owino, fundi alipwe kwa kufumua hata ile fagia isiyo na mnunuzi.