Okot p'Bitek, mshairi wa ng'ambo ya Pakwach

Na Mwandishi Wetu, Logiri

Mfanyabiashara anayetoka Kampala na shehena ya kupeleka Ariwara au Kaya hupita kwenye daraja la Pakwach. Nyuma yake, mashariki mwa Nile, ameacha nchi ya Waacholi. Mbele ni West Nile. Ng'ambo ile ndiko alikotoka Okot p'Bitek, mshairi na mwalimu wa chuo kikuu aliyefariki Julai 1982 akiwa na umri wa miaka 51.

Kumkumbuka huku kwetu si jambo jepesi, na afadhali lisemwe mapema. Siku alipofariki, watu wengi wa Arua na Koboko hawakuwa makwao. Walikuwa wakimbizi Congo na Sudan, kwa sababu jeshi la UNLA, lililokuwa na Waacholi na Walango wengi, liliingia West Nile mwaka 1980 kwa kisasi, na mwaka uliofuata likaua raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci. Kabla ya hapo, kuanzia 1971, Waacholi na Walango walichinjwa kambini na utawala wa Idi Amin, ambaye Koboko inamhesabu kuwa mtu wake. Kila upande una makaburi. Kwa hiyo anayesema "mshairi wetu" mbele ya wazee wa Logiri, akimaanisha Mwacholi, anadaiwa maelezo.

Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931. Mama yake alisifika kwa kuimba, na kijana alianza na nyimbo kabla ya vitabu. Alikuwa pia mwanasoka: mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya Uganda, mechi zikaisha, yeye akabaki kusoma. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya jamii na mila huko Oxford. Oxford ndiko alikogombana na wakufunzi waliozoea kuwaita Waafrika washenzi darasani, yeye akiwa ameketi pale pale akiwasikiliza. Ugomvi huo haukumtoka hadi mwisho.

Aliporudi aliwekwa kuongoza kituo cha utamaduni cha taifa mjini Kampala. Hakudumu. Serikali ya Obote ilichukizwa na ulimi wake, akahamia Kenya. Amin alipotwaa nchi, njia ya kurudi ikazibika zaidi. Basi mtu huyu hakuwa wa serikali yoyote kati ya zile zilizotuumiza, wala hakuwa na bunduki. Alikuwa mkimbizi kama sisi, ila yeye alitangulia.

Kisumu alianzisha tamasha la sanaa, kama alivyokuwa amefanya Gulu. Kuanzia 1971 alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, baadaye Ife, Nigeria. Hoja yake kwa wanafunzi ilikuwa moja: fasihi ya Mwafrika haikuanzia kwenye karatasi. Wimbo wa mazishi, ngoma ya vijana, ngano ya jioni, vyote ni vya kusomwa kwa heshima ile ile anayopewa Shakespeare. Leo hilo halimshangazi mtu. Wakati ule maprofesa waligawanyika.

Kitabu kilichomjengea jina ni Song of Lawino, kilichochapwa Nairobi mwaka 1966. Lawino ni mke aliyedharauliwa. Mumewe, Ocol, amesoma, na sasa ameona chakula cha mkewe, nywele zake na ngoma zake ni ushamba. Ameenda kwa Clementine, mwanamke wa poda na rangi ya midomo. Lawino hanyamazi. Analalamika, anacheka, anamsema mume mbele ya ukoo. Wako wanaodai kwamba Okot alikuwa anapinga elimu. Sikubaliani nao. Mtu aliyepita vyuo vitatu vya Uingereza hapingi elimu. Anachopinga ni msomi anayemwonea haya mama yake.

Msomaji wa gazeti hili ana sababu yake ya kumjali. Mwaka 1975, Mtanzania Paul Sozigwa, aliyejulikana sana redioni, alitoa tafsiri ya Kiswahili, Wimbo wa Lawino. Hebu tazama safari hiyo: shairi la Kiacholi, likatiwa Kiingereza na mtunzi mwenyewe, likachapwa Kenya, likafasiriwa na Mtanzania, mwandishi akiwa uhamishoni. Miaka miwili baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika.

Nalitaja hilo kwa sababu Kiswahili nchini Uganda kilibeba jina baya muda mrefu. Kilikuwa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani: simama, lala chini, toa pesa. Katika Wimbo wa Lawino, kiko kinywani mwa mwanamke anayetetea jiko lake. Sokoni Arua, ambako Kilugbara, Kinubi, Lingala na Kiswahili hugongana kwenye bei ya sukari, hicho ndicho Kiswahili tunachokijua.

Waalur wa Nebbi na Mahagi wana bahati zaidi. Lugha yao na Kiacholi ni ndugu, hivyo Wer pa Lawino ya asili, iliyochapwa 1969, wanaweza kuifuata kwa sehemu kubwa bila mkalimani, pande zote mbili za mpaka wa Goli.

Amin alipoanguka, Okot alirudi Makerere. Mwaka 1982 alifanywa profesa wa utunzi, na mwaka huo huo akafa. Binti yake Juliane, anayeishi Kanada, naye ni mshairi na mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 2016 alitoa diwani kuhusu siku 100 za mauaji ya Rwanda.