Leza na Mguu wa Mfanyakazi

Mfanyakazi asimamaye kutwa hana mali ipitayo miguu yake. Akiambiwa kwamba kifundo chake kitapasuliwa, swali lake la kwanza ni hili: nitarudi kazini lini? Ndilo lililotufanya tuandike juu ya leza hafifu, ambayo baadhi ya matabibu huitumia kabla na baada ya upasuaji wa mguu.

Asili yake ni Budapest, nchini Hungaria. Mwaka 1967 Daktari Endre Mester aliwanyoa panya manyoya, akawamulika kwa leza. Hawakudhurika, bali manyoya yakaota upesi kuliko ya wenzao wasiomulikwa. Mwanga huu haukati wala hauunguzi kama leza ya mpasuaji. Ni mwekundu, au wa namna isiyoonekana kwa macho (hata hivyo macho sharti yakingwe kwa miwani), nao huchochea chembe za mwili, hata maumivu na uvimbe huweza kupungua.

Kwa maumivu ya wayo na ya kano ya kisigino, majaribio kadhaa yameonyesha nafuu. Mengine hayakuonyesha kitu, na kipimo cha mwanga wenyewe hakijaafikiwa na wote. Basi twamsihi ndugu yetu asiuze baiskeli, nayo ndiyo impelekayo kazini, ili alipie mwanga huo, wala asiache kuinua mguu na kufanya mazoezi aliyoagizwa. Na mwenye kisukari, ambaye pengine hahisi hata msumari ukimchoma, asingoje leza: kidonda chake kionwe na tabibu siku ile ile.