Usiku Wanabaki Wangapi?

Kidonda cha kulalia huanza pale mfupa ulipo karibu na ngozi: kisigino, nyonga, juu kidogo ya makalio. Mzee asiyeweza kujigeuza akilalia upande mmoja kwa saa nyingi, uzito wake unaizuia damu kupita, na nyama ya hapo inaanza kufa. Mafunzo mengi husema ngozi huwa nyekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu. Pitisha mgongo wa mkono: utakuta pana joto kuliko pengine, pamekuwa pagumu au pamelainika mno, na rangi imekolea. Ukipagundua mapema, unaweza kumwokoa. Ngozi ikishapasuka, kidonda huenda kikachukua miezi kupona.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee huku Kampemba, Lubumbashi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni hiyo ya kugeuza watu. Tulifundishwa kumgeuza mtu kila baada ya saa mbili. Basi tufanye hesabu. Tuseme wasiojiweza ni 12 na mhudumu wa usiku ni mmoja. Kumgeuza kambo mmoja (ndivyo tunavyowaita wazee) vizuri, kumpangusa, kubadilisha kitambaa kilicholowa, kumnywesha maji na kunyoosha shuka lisibaki na mkunjo, ni dakika 10. Kwa watu 12 ni dakika 120. Ukimaliza na wa mwisho, wa kwanza ameshakungoja. Hujakaa, hujaenda chooni, na hapo hakuna aliyeanguka wala aliyeshikwa na homa. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema wahudumu hawana huruma, namuuliza kwanza usiku ule walikuwa wangapi.

Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Zamu inayoanza jioni hadi asubuhi inapita kikomo hicho hata kabla mwenzako hajachelewa kwa kukosa gari. Tena nyumba inayoishi kwa sadaka hulipa mishahara sadaka ikifika. Ikichelewa, mama mwenye watoto atafanya nini? Mchana anauza makala, yaani mkaa, au anafua nguo za watu, usiku anakuja kazini macho yamejaa usingizi. Uchovu huo unaishia kwenye ngozi ya mzee.

Mwezi wa sita na wa saba ndiyo migumu zaidi. Baridi ya Lubumbashi usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na huwezi kumwogesha mtu wa miaka 80 kwa maji ya bombani. Makala ya kuchemshia maji yakiwa machache, tunachagua nani aoge leo na nani asubiri kesho. Uchaguzi huo unaniuma kila mara.

Wapo wanaosema Mwafrika hamtupi mzazi wake. Wangeijua historia ya mji huu wasingesema upesi hivyo. Kampuni ya madini ya Union Minière, na baada yake Gécamines, iliwapa wafanyakazi nyumba, hospitali, shule na posho ya unga. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10,000 waliokuwa wakiyategemea hayo waliondoka Gécamines katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Kabla ya hapo, mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, nyingi zikaondoka kwa treni. Nimemwogesha baba mmoja ambaye jamaa zake wote walikwenda na treni hizo. Nani amtunze?

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinawapa wazee haki ya kulindwa kulingana na mahitaji yao ya mwili, akili na roho. Kwangu mimi, hitaji la kwanza la mwili ni mhudumu wa pili usiku.

Ukija kumwona kambo wako, asante kwa sabuni na unga. Lakini siku moja njoo jioni, saa ya kubadilishana zamu, uhesabu wanaobaki. Muulize mkuu wa nyumba kama mshahara wa mwezi uliopita umetoka. Sisi tukiuliza tunaonekana wakorofi, wewe ukiuliza utajibiwa.