Kima, Papa na Darasa la Awali: Kweli au Si Kweli?

Kima anakaa juu ya mkuyu ufukweni, anakula kuyu, nyingine anamtupia rafiki yake papa aliye majini. Siku moja papa anamwalika kwake. Wamefika katikati ya bahari, papa anatoboa siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hapotezi muda. Anamwambia kwamba wao kima wakisafiri mioyo yao huiacha mtini, kwa hiyo warudi wakauchukue. Papa anageuza, kima anapanda mkuyu wake, na habari ya kushuka haipo tena.

Kisa hiki Edward Steere alikichapa London mwaka 1870 katika Swahili Tales, mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Walimu wa awali na chekechea wanakipenda, na haki yao. Lakini yanayosemwa kuhusu namna ya kukifundisha si yote ya kuaminiwa.

"Ni hadithi ya pwani yetu, isiguswe."

Nusu kweli. Pwani imeipa mkuyu, sultani na papa, lakini kisa chenyewe kimesafiri sana. Kimo katika Panchatantra ya Wahindi, ambako anayeogelea ni mamba. Kimo katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8, na humo rafiki wa majini ni kobe. Wakorea nao wana kisa ndugu: kasa anamchukua sungura kwa mfalme wa bahari, na kinachotakiwa ni ini. Kila bandari iliyokipokea ilibadilisha mnyama. Basi mwalimu wa Kigoma au Mwanza anayeona wanafunzi wake hawajawahi kuonana na papa, na akamweka mamba wa ziwani, hajaharibu kitu. Kisichobadilishwa ni fundo: safari, siri katikati ya maji, na moyo ulioachwa nyumbani.

"Wameshaisikia, kuirudia ni kuwachosha."

Si kweli. Anayechoka ni mwalimu. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zilezile tena na tena walijifunza maneno mapya vizuri kuliko waliosikia maneno hayohayo katika hadithi tofauti. Mara ya kwanza mtoto anahangaika kujua kitatokea nini. Akishakijua, ndipo masikio yanapata nafasi ya kusikia jinsi kinavyosemwa. Kwa hiyo simulia leo, simulia keshokutwa huku ukiacha sentensi nusu wamalizie wao, na mara ya tatu kaa chini, wakusimulie.

"Bila kitabu cha picha na zana za kununua, haiwezekani."

Si kweli, na dai hili limewafanya walimu wengi wakae wakisubiri mradi. Kanga mbili zikishikwa pembe na watoto na kutikiswa ni bahari. Benchi ni mkuyu. Vizibo vya soda ni kuyu. Darasa lenye watoto sitini si kikwazo, kwa sababu bahari inahitaji mawimbi na mti unahitaji matawi. Hakuna anayebaki kutazama tu. Papa asimbebe kima mgongoni, wataanguka. Kima amshike mabega na kumfuata nyuma, safari iende.

"Kazi bora baada ya hadithi ni kupaka rangi picha ya kima."

Ni kweli kwa mwalimu anayetaka nusu saa ya utulivu, na sote tunaijua nusu saa hiyo. Kwa mtoto, si kweli. Picha ya kima iliyochapwa tayari haimdai hadithi hata kidogo; angeweza kuipaka rangi bila kusimuliwa chochote. Kazi inayofaa ni ile ambayo mtoto hawezi kuifanya bila kurudi ndani ya kisa.

Anza na moyo wenyewe, maana ndiyo siri ya kisa chote. Waambie waweke kiganja kifuani, wanyamaze, wausikilize. Kisha waruke papo hapo mpaka waheme kidogo, waweke kiganja tena. Lile bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi ya chooni ikiisha linatosha kuwa chombo cha daktari: ncha moja kwenye kifua cha mwenzake, ncha nyingine sikioni. Watausikia ukidunda. Hapo ndipo uliza: je, kima angeweza kuuacha mtini? Mtoto aliyetoka kuusikia moyo wa jirani yake anacheka kabla hujamaliza swali. Amegundua kwamba yeye anajua jambo ambalo papa halijui, na utamu wa hadithi hii uko hapo hapo.

Hesabu nayo iko mtini. Kuyu 10, kima amekula 2, amemtupia papa 3, ngapi zimebaki? Beseni la maji linatoa somo jingine: jani, kizibo, jiwe, kipande cha mti, kipi kitaelea, na kima akidondoka baharini itakuwaje? Na kama kuna mkuyu karibu na shule, wapeleke wakaone matunda yanavyojazana kwenye shina na matawi makubwa. Wengi hawajawahi kuyatazama.

"Lazima mwalimu amalizie kwa kusema funzo."

Si kweli. Swali la "hadithi hii inatufundisha nini?" lina jibu moja ambalo watoto wameshalikariri, na wanalitoa kwa sauti moja: tuwe na adabu, tusiwe wabaya. Kisa hakikuhitajika kulipata.

Badala yake simama katikati ya bahari. Papa ameshasema maneno yake, kima yuko maji kushoto, maji kulia. Nyamaza, kisha uliza: "Wewe ungefanyaje?" Usiwasaidie. Yupo atakayesema angeogelea, mwenzake amkumbushe kwamba pwani iko mbali. Yupo atakayemlilia papa, na yupo atakayetaka kumng'ata. Kila jibu wanalipima wenyewe kwa hali ya kima, na wakisikia alichofanya wanajua ametoka katika ugumu gani. Swali hili likiulizwa baada ya mwisho, halina nguvu tena.

"Kinawafundisha watoto kudanganya."

Hoja hii nimeisikia kwa wazazi, na si ya kudharau. Kima anasema uongo, na anashinda. Ila waulize watoto nani alianza. Papa alimwalika rafiki nyumbani na kumficha anachoendea. Watoto wa miaka mitano wanaliona jambo hilo haraka, na huwa wanabishana kweli kweli: papa alimwonea rafiki yake, au alikuwa anamtii sultani? Waache wabishane. Mwalimu anayelikata shauri mapema amewanyang'anya somo.

"Sehemu ya punda wa dobi iachwe."

Kweli, kwa darasa la awali. Kima akiwa juu ya mti anamsimulia papa habari za punda aliyedanganywa mara mbili na sungura, akauawa na simba. Ni hadithi ndani ya hadithi, na wadogo wanapotea: nani anasema sasa, kima au sungura? Iwekee Darasa la Tatu.

"Wakishaigiza, hadithi imekwisha."

Si kweli. Vivian Paley, mwalimu wa chekechea wa Chicago aliyepewa tuzo ya MacArthur mwaka 1989, aliwaachia watoto wamtamkie hadithi zao, yeye akaandika, kisha darasa likaziigiza. Inawezekana hapa pia, kwa daftari moja na kalamu. Mwite mtoto mmoja au wawili kwa siku, kila mmoja akupe sentensi chache za kima wake. Usishangae sultani akipona kwa Panadol, au papa akirudi na ngazi. Andika kama ilivyotamkwa, usisahihishe, halafu isome mbele ya wenzake na umwachie mwenye hadithi achague yeye atakuwa nani.