Uamuzi Usioandikwa Huzaa Minong'ono

Mbio za mashua za tanga kwa kawaida hazina mwamuzi wa kupuliza filimbi. Nahodha aliyeonewa huwasilisha malalamiko, na baada ya mbio kamati husikiliza pande zote na mashahidi wao.

Kanuni za kimataifa zinaitaka kamati itaje mambo yaliyothibitika, kanuni zilizotumika, uamuzi na sababu zake. Mhusika anaweza kuomba hayo kwa maandishi, na kamati inaruhusiwa kuyatangaza kwa wote.

Kwa nini usumbufu huo? Kwa sababu anayekata rufani hawezi kubishia mambo yaliyothibitika. Kamati ikiandika tu kwamba mashua "zilikaribiana", rufani haina pa kushika. Ikiandika umbali, upande wa upepo na nani alikata usukani kwanza, majaji wa rufani wana la kupima.

Mwaka 1970, huko Newport, Marekani, Gretel II ya Australia ilitangulia kumaliza mbio za pili za America's Cup. Ikaondolewa kwa kugongana na Intrepid ya Marekani wakati wa kuanza. Walioamua walikuwa kamati ya New York Yacht Club, klabu iliyokuwa ikishikilia kombe lenyewe. Kesi ya ngedere, hakimu nyani! Ubishi ulidumu miaka.

Hakimu anaposhukiwa, sababu zake ziwekwe hadharani. Karatasi iliyobandikwa ubaoni haimfurahishi aliyeshindwa, lakini angalau atajua ameshindwa kwa lipi.