Wageni Wanachungulia Tu? Fanya Tovuti Yako Iuze

Tuseme unauza viazi Kibirichia. Stoo imejaa Shangi, na yeyote aliyelima Shangi anajua tabia yake: inakomaa haraka, lakini pia inachipua haraka. Dalali anaijua tabia hiyo vizuri kukushinda. Anasimama shambani, anataja bei yake, halafu anatulia. Anajua kati yenu wawili, wewe ndiye huwezi kungoja.

Basi ukaamua kutengeneza tovuti, ili mwenye hoteli Nanyuki, mama wa kibanda cha chipsi mjini Meru au muuzaji wa jumla Nairobi akupate moja kwa moja. Wazo zuri sana. Wageni wanaingia, unawaona kwenye hesabu. Lakini simu haiiti na pesa haiingii. Shida iko wapi?

Wengi wetu hapo hukimbilia kulipia matangazo. Kabla hujafanya hivyo, piga hesabu kidogo. Tuseme kati ya wageni 100, wawili ndio hununua. Ukilipia tangazo ukapata wageni 200, utauza kwa watu wanne. Lakini ukirekebisha tovuti mpaka wanne kati ya wale wale 100 wanunue, umefika pale pale bila kulipia tangazo. Tena tangazo likiisha, wageni wake wanaisha. Marekebisho yanabaki.

Mgeni huondoka pale shaka inapomwingia. Kazi yako ni kuziondoa shaka zake moja moja, kwa mpangilio anaokutana nazo.

Shaka ya kwanza: "Ni pesa ngapi, na napata nini?"

Sokoni swali la kwanza ni, "Boss, hii gunia ni ngapi?" Hakuna anayejibu, "Nipigie baadaye nikuambie." Mbona basi tovuti yako imeandikwa "Piga simu upate bei"? Mgeni anaisoma hivi: bei itategemea sauti yangu. Anatoka.

Andika bei, na uandike kilo. Kanuni za viazi za mwaka 2019 hapa Kenya zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini kila mtu amewahi kuona lumbesa. Bei ya gunia bila kilo haimwambii mnunuzi chochote. Ongeza aina ya kiazi, siku ya kuvunwa, kiasi cha chini cha kuagiza, na nani analipia gari. Kama bei hubadilika, andika "Bei ya leo" na tarehe yake. Ila uibadilishe kweli! Tarehe ya miezi miwili iliyopita inamwambia mgeni kwamba duka limefungwa.

Shaka ya pili: "Hii kitu itafunguka kweli?"

Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kufika megabaiti 4. Weka kumi kwenye ukurasa wa kwanza, na umemwomba mgeni atumie megabaiti 40 za bando lake kabla hata ya kukujua. Zipunguze picha mpaka kila moja iwe chini ya kilobaiti 200. Kwenye skrini ya simu hataona tofauti.

Google ina kifaa cha bure kinachoitwa PageSpeed Insights: unaandika anwani ya tovuti yako, kinakuonyesha kinachoichelewesha. Na kuna kipimo rahisi zaidi. Zima Wi-Fi, chukua simu ya bei nafuu, fungua tovuti ukiwa shambani. Ukichoka kungoja, mteja alishachoka kitambo.

Picha zenyewe ziwe za viazi vyako, gunia likiwa juu ya mizani. Picha nzuri ya kuokota mtandaoni haimwambii mnunuzi chochote kuhusu stoo yako.

Shaka ya tatu: "Nikilipa, pesa yangu itafika wapi?"

Hapa ndipo tunapoona mauzo mengi yakifia mlangoni. Mteja amekubali bei, ameshika simu, anaweka nambari, kisha linatokea jina asilolijua. Tovuti ina jina la biashara, simu inaonyesha jina la shemeji yako. Mteja anafuta, na hatarudi kukueleza kwa nini.

Tumia nambari ya Till au Paybill iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Kama majina bado yanatofautiana, sema wazi kando ya nambari: "Ukilipa, utaona jina hili." Kama tovuti inaweza kutuma ombi la malipo moja kwa moja kwenye simu ya mteja, bora zaidi, maana hatakosea tarakimu. Kumbuka: PIN huwekwa kwenye simu ya mteja mwenyewe. Tovuti yako isiiulize kamwe, na wewe ukiwa mnunuzi, ukiiona tovuti inayouliza PIN, toka mbio.

Eleza pia kinachofuata baada ya malipo: gari linaondoka siku gani, na viazi vikifika vimeoza itakuwaje. Mteja mpya unaweza kumruhusu alipe nusu sasa, nusu mzigo ukifika. Nawe jilinde: usipakie mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mtu. Angalia akaunti yako mwenyewe kwanza.

Ukiomba jina na nambari ya simu, omba hizo tu unazohitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata wafanyabiashara wadogo. Na fomu ndefu huwafukuza watu.

Pima, usibahatishe

Kuelekea uchaguzi wa Marekani wa 2008, kampeni ya Barack Obama ilijaribu vitufe na picha tofauti kwenye ukurasa wake wa kujiandikisha. Wahusika walipendelea video. Video zote zilishindwa na picha za kawaida. Picha ya familia pamoja na kitufe cha "Jifunze zaidi" ndivyo vilivyoshinda: waliojiandikisha walipanda kutoka 8.26 hadi 11.6 kwa kila wageni 100.

Wewe huna wageni wengi kama Obama, na si lazima. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu 5 tu kunatosha kufichua matatizo mengi ya tovuti. Basi nenda sokoni Kibirichia, mpe mtu simu, mwambie: "Agiza magunia mawili hapa." Kisha nyamaza. Usimwelekeze. Pale anapokwama ndipo wateja wako wanapokwama. Rekebisha hapo, kisha mtafute mwingine.

Wiki hii anza na mambo matatu: bei na kilo juu kabisa ya ukurasa, picha nyepesi, na jina la malipo linalofanana na jina la biashara. Dalali bado atakuja, na pengine bado utamuuzia. Lakini akitaja bei yake, utakuwa na maagizo mengine kwenye simu, na safari hii atakayengoja jibu ni yeye.