Binti Amepata Pointi 24: Je, Amefaulu?

Ilikuwa mwezi wa Januari, siku ya kupima watoto uzito. Mvua ya usiku ilikuwa imeleta matope hadi mlangoni mwa kliniki, na foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja wa upande wa Kahama, ambaye mumewe ni mchimbaji mdogo na hushinda miezi mingi kwenye maduara ya Geita, alimpakata mjukuu wake akasubiri mpaka watu wakapungua. Kisha akatoa kwenye pindo la khanga karatasi iliyokunjwa mara nne.

“Sista, naomba unisomee. Mwalimu kasema binti kapata pointi 24. Mtoto wa jirani kapata 17. Si tumewazidi?”

Alikuwa amekwisha kuchinja kuku.

Nilisoma karatasi ile. Ilikuwa ya kidato cha nne, Daraja la Tatu. Nikamweleza kwa upole kwamba katika mtihani huu mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vizuri zaidi, lakini Daraja la Tatu si haba. “Hongera, mayu,” nikamwambia, “sasa subirini uchaguzi wa kidato cha tano.” Akaondoka akitabasamu. Nami nikaendelea na kazi, nikidhani nimesaidia. Kumbe nilikuwa nimewapoteza njia kwa muda wa miezi mitano.

Akina mama wenzangu, wengi wetu tulisoma mpaka darasa la saba, na tuliofika mbele kidogo tumesahau. Watoto wanatuletea karatasi zenye herufi na tarakimu, tunauliza neno moja tu: amefaulu au amefeli? Karatasi hiyo haijibu swali hilo. Inajibu maswali mengine, na kila mlango wa masomo una swali lake.

Tuanze na herufi. Katika mtihani wa kidato cha nne, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, alama 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Kisha kila herufi hupewa pointi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Huchukuliwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi, pointi zake zikajumlishwa. Mtoto mwenye A saba hupata pointi 7, naye hana wa kumzidi. Pointi 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 ni la Pili, 22 hadi 25 ni la Tatu, 26 hadi 33 ni la Nne, na 34 au 35 ni sifuri. Ndiyo maana yule mtoto wa jirani mwenye 17 alikuwa na Daraja la Kwanza, na kuku yule angestahili kuchinjwa nyumba ya pili.

(Katikati ya miaka ya 2010 paliletwa kwa muda mfupi hesabu nyingine, ya wastani, na mwaka 2016 madaraja yakarudi. Ukiona cheti cha mtoto wa miaka ile hakifanani na cha mdogo wake, usidhani ni cha kughushi.)

Sasa rudi nami kwenye ile karatasi. Binti alikuwa na B katika Maarifa ya Biblia. Alikuwa na C katika Kiswahili na Historia. Alikuwa na D katika Uraia, Jiografia, Kiingereza, Biolojia, Kemia na Fizikia, na F katika Hisabati. Chukua saba bora: B moja ni 2, C mbili ni 6, D nne ni 16. Jumla 24. Hesabu ni sahihi kabisa.

Lakini kuingia kidato cha tano katika shule za Serikali, mtoto hutakiwa awe na angalau masomo matatu yenye A, B au C, na somo la dini halihesabiwi miongoni mwa hayo matatu. Somo la dini humsaidia mtoto kupata daraja, ila kwenye mlango wa kidato cha tano linabaki nje. Binti yetu alikuwa na C mbili tu. Daraja la Tatu alikuwa nalo, kidato cha tano hakuwa nacho.

Najua jambo hili linauma, hasa kwetu sisi ambao tumewasukuma watoto wasome Biblia shuleni. Wasome. Ila usiache somo la dini liwe ndilo pekee linalong'aa kwenye karatasi, na wewe ukaliona linang'aa ukatulia kama nilivyotulia mimi.

Orodha ya waliochaguliwa ilipotoka mwezi wa Juni, jina la binti halikuwamo. Mama yake hakuja kliniki. Alikuja mwenzake kuniambia kwamba nyumbani kumechafuka. Baba amerudi kutoka Geita, duara halijatoa kitu, na kuna kijana mwenye karasha la kusaga mawe amekwisha kuleta mshenga. Ng'ombe wanatajwa. Binti ana miaka 18, kwa hiyo hakuna wa kumkataza kwa sheria. Baba alikuwa akisema neno ambalo baba wengi husema, wala si kwa ubaya: “Amefeli, sasa akae hapa afanye nini?”

Jioni ile nilikwenda. Nikaiomba ile karatasi tena, na safari hii nikaisoma kama mtu aliyepita chuo cha uuguzi, si kama mtu anayetaka kumaliza foleni. Nikaona aibu. Biolojia D. Kemia D. Fizikia D. Na masomo mengine ya kufaulu yasiyo ya dini yalikuwa yamezidi. Sifa ya chini ya kuomba stashahada ya uuguzi na ukunga ni kufaulu, yaani kuanzia D, masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea mtu nafasi, lakini F yake ya Hisabati haikumfungia mlango. Mlango wangu mimi mwenyewe ulikuwa wazi kwake tangu Januari, na nilikuwa nimemwelekeza asubiri kwenye mlango mwingine.

“Baba,” nikamwambia mzee yule, “binti hajafeli. Amefaulu mahali ambapo hatukutazama.”

Hakujibu upesi. Aliuliza kwanza ni fedha kiasi gani. Swali zuri sana, na sikumficha. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kidato cha tano na cha sita. Vyuo vya afya havimo. Vya binafsi na vya mashirika ya dini hutoza zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka, na masomo ni miaka mitatu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, na fani za afya zimo, lakini si kila mwombaji hupata.

Maombi ya vyuo vya afya hupitia kwa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi, lile la NACTVET, kwa njia ya kompyuta au simu, na kwa kawaida dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka. Kwa rehema tulikuwa bado na majuma machache. Ukishawajua vijana wa stesheneri mjini utawaona wanafanya kazi hiyo kwa siku mbili. Kaa naye pale, mama, usimwachie namba ya mtihani ukaondoka. Mwambie akusomee chuo alichojaza, fani aliyojaza, na namba ya simu aliyoandika. Nimeona mtoto aliyekosa nafasi kwa sababu ujumbe ulikwenda kwenye simu ya mwenye duka.

Nikiwa hapo hapo, niseme kuhusu majina. Kwetu Usukumani mtoto nyumbani huitwa kwa jina la babu, kanisani ana jina la ubatizo, na shuleni mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alilosikia. Siku ya kuomba mkopo hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na jina lisipolingana na la cheti cha mtihani, huanza safari za hati ya kiapo. Kama mtoto wako yuko shule ya msingi, kalinganishe majina hayo kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba. Kama yuko tumboni au mgongoni, usitoke hospitalini bila tangazo la kuzaliwa.

Wenye watoto wa kidato cha sita nao wana fumbo lao, na hili huwachanganya hata walimu. Baraza la Mitihani huhesabu masomo matatu ya tahasusi hivi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Chache ndiyo bora, kama kidato cha nne. Daraja la Tatu ni pointi 13 hadi 17. Lakini Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ikifungua mlango wake hugeuza mizani: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Huko nyingi ndiyo bora. Mwombaji wa shahada aliyetoka kidato cha sita hutakiwa awe na masomo mawili yaliyofaulu vizuri, kuanzia E, katika masomo yanayohusika na shahada hiyo, na jumla yake ifike 4.

Chukua watoto wawili. Mmoja ana D, E na E. Mwingine ana C, E na S. Wote wana pointi 14, wote Daraja la Tatu, na mama zao wanaweza kupongezana njiani. Ukienda kwa TCU, wa kwanza ana 2 na 1, jumla 3, hafiki. Wa pili ana 3 na 1, jumla 4. Amefika, ikiwa masomo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa. Na hiyo 4 ni kizingiti cha chini. Udaktari, sheria au uhandisi hudai zaidi sana. Yule wa kwanza naye hajaachwa porini: anaweza kusoma stashahada, na akiimaliza kwa wastani wa 3.0 akaomba chuo kikuu kwa njia hiyo. Wauguzi wengi wenye shahada ninaowajua walipita huko.

Kwa hiyo karatasi ikifika nyumbani, kabla ya kuku na kabla ya fimbo, iandike upya kwenye daftari, somo moja mstari mmoja. Weka pembeni somo la dini. Hesabu C na zaidi ni ngapi. Kisha tazama D ziko masomo gani, maana D tatu za sayansi na D tatu za sanaa hazifungui milango ile ile. Halafu nenda kwa mwalimu wa taaluma na daftari hilo. Akina mama huogopa ofisi ile. Mwalimu akiona umekuja na hesabu yako mkononi, atakaa nawe.

Binti yule aliomba vyuo vitatu. Viwili vilijaa. Cha tatu kilimkubali mwezi wa Septemba, na baba yake akauza ng'ombe wake mwenyewe badala ya kupokea wa mtu mwingine. Sitasema yalikwisha vizuri yote: ada ya muhula wa pili ilichelewa, akakaa nyumbani majuma sita, na mshenga akapita tena. Umoja wetu wa akina mama kanisani ulichanga, si nyingi, mama akauza mpunga, akarudi darasani. Yuko mwaka wa pili.

Siku hizi kila Alhamisi baada ya kikao tunabaki kidogo na karatasi za watoto. Juzi mama yake alikuja na ya mdogo wake wa kiume, wa kidato cha pili. Hakuniomba nimsomee. Alikuwa amekwisha kuiandika kwenye daftari, kwa penseli, na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye Fizikia.

“Hapa, Sista,” akasema. “Hapa nataka kumwona mwalimu.”